Bunduki zinatoka kambini, nondo zinaingia kwa kibali

Agosti 21, 2025 chama cha Kipalestina cha Fatah kilikabidhi kwa jeshi la Lebanon shehena ya kwanza ya silaha kutoka kambi ya wakimbizi wa Kipalestina ya Burj el-Barajneh, kusini mwa Beirut. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya kambi tatu za mji wa Sur: Rashidieh, El-Buss na Burj Shemali. Septemba zikafuata Ain al-Hilweh ya Saida na Beddawi ya Tripoli. Hamas na makundi mengine hayakuingia katika mpango huo. Hata hivyo jambo lenyewe ni zito. Mkataba wa Cairo wa 1969 uliwaachia Wapalestina ulinzi wa kambi zao. Bunge la Lebanon liliufuta mwaka 1987, lakini bunduki zilibaki.

Makubaliano ya safari hii yalifikiwa Mei 21, Rais Mahmoud Abbas wa Palestina alipokutana na Rais Joseph Aoun wa Lebanon mjini Beirut. Walizungumzia silaha, na katika tamko lilelile wakataja haki za kiuchumi na kijamii za wakimbizi. La silaha limeshaanza kutembea. La haki liko palepale, na ndilo linaloamua mtu analala chini ya dari la namna gani, analipwa nini, na akifa nyumba yake inakwenda kwa nani.

Mwaka 1948 Wapalestina wapatao 100,000 walivuka kuingia Lebanon, wengi wao kutoka Galilaya: Akka, Safad, Haifa na vijiji vya jirani. Mpaka leo mitaa ya kambi inaitwa kwa majina ya vijiji hivyo. Kambi rasmi ni 12. Nyingine tatu, Nabatieh, Tel al-Zaatar na Jisr el-Basha, zilibomolewa vitani miaka ya 1970 na hazikujengwa tena. Ukiuliza wako wangapi, jibu unalopewa linategemea unamuuliza nani. Daftari la UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi wa Kipalestina, lina majina zaidi ya 450,000, lakini halimfuti aliyehamia Ujerumani au Denmark. Sensa ya 2017, iliyoendeshwa na ofisi za takwimu za Lebanon na Palestina kwa pamoja, iliwakuta watu 174,422 kambini na katika makazi ya pembeni. Wanasiasa walikuwa wamezoea kutaja nusu milioni na zaidi. Idadi ndogo namna hiyo ilitarajiwa kupunguza hofu. Sheria hazikupungua hata moja.

Hofu yenyewe ina mizizi, na haifai kuifanyia dhihaka. Lebanon inagawana madaraka kwa madhehebu, na sensa rasmi ya mwisho ya wananchi wake ni ya 1932. Wapalestina wengi ni Wasuni, hivyo kuwapa uraia kungeinamisha mizani. Kuna pia kumbukumbu ya vita vya 1975 hadi 1990, ambavyo makundi ya Kipalestina yalipigana, na ambavyo raia wa Kipalestina walichinjwa Sabra na Shatila, Beirut, Septemba 1982. Vita vilipokwisha, utangulizi wa katiba ukaandikwa kwamba hakutakuwa na *tawtin*, yaani wageni hawa hawataloweshwa, hawatafanywa wakazi wa kudumu. Kulowea ndilo neno linalozuia kila mjadala. Ukitaja kibali cha kazi unajibiwa kwamba ni kulowea. Ukitaja hati ya nyumba, kulowea. Ukitaja saruji, hivyo hivyo.

Jirani wa Lebanon aliwahi kulijibu swali hili, na jibu lake halina fumbo. Syria ilitunga Sheria namba 260 mwaka 1956, ikawaweka Wapalestina sawa na Wasyria katika ajira, biashara na utumishi wa jeshi, huku ikiwaachia utaifa wao wa Kipalestina. Hawakupewa kura wala pasipoti ya Syria. Vizazi viwili vya madaktari, walimu na wahandisi vilikulia Yarmouk, kambi ya Damascus, bila mtu kudai kwamba wamesahau walikotoka. Jordan ilipita njia nyingine ikawapa wengi wao uraia kwa sheria ya 1954. Msomaji wa Tabora au Katavi anazijua njia zote mbili: Warundi wa 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima na kujitegemea kwa miongo, kisha mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wakawa Watanzania. Kulima kulitangulia uraia kwa miaka mingi, na muda huo wote hakuna aliyesema jembe ni pasipoti. Wapalestina wa Lebanon hata hiyo hatua ya pili hawaiombi. Wanachodai ni kurejea kwao kwa mujibu wa azimio namba 194 la Umoja wa Mataifa, na kabla ya siku hiyo waishi kama watu.

Tuanze na nyumba, maana hapo ndipo sheria inapogeuka ufa wa ukutani.

Eneo la kambi limebaki karibu lilelile lililopimwa zama za mahema. Mahema yakawa vibanda vya bati, na bati lilidumu kwa sababu hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 paa la zege lilikatazwa. Maofisa wa upelelezi walitaka mkimbizi akae chini ya kitu kinachoonekana cha muda. Baada ya 1969 ndipo watu wakaanza kumwaga slabu, wakazimwaga juu ya kuta zilizojengwa kubeba bati: tofali nyembamba, msingi wa kina kifupi, nguzo hakuna. Kisha mtoto wa kwanza akaoa. Kiwanja hakipo na nje ya kambi sheria haimruhusu kununua, basi akajenga juu ya baba yake. Wa pili akajenga juu ya wa kwanza. Wasyria walipokimbia vita kuanzia 2011, ghorofa ikawa pia biashara ya kupangisha. Sensa ya 2017 ilikuta zaidi ya nusu ya wakazi wa Shatila ni Wasyria. Msingi chini ya uzito wote huo ni uleule wa kibanda.

Angalia paa lolote la kambi za Beirut. Nondo zimeachwa zikichomoza juu ya slabu, zikingoja ghorofa ijayo. Zikikaa miaka kumi katika hewa ya bahari zinaliwa na kutu. Kutu inashuka ndani ya nguzo, chuma kinavimba, zege linapasuka na kudondoka vipande kitandani mwa mtu. Mwenye nyumba anapiga plasta. Plasta inaficha ufa, haiuzuii. Kibaya zaidi, maji ya bomba katika kambi za Beirut yana chumvi, kwa sababu visima vya pwani vimevutwa kupita kiasi na bahari imeingia chini ya ardhi. Fundi anayechanganya zege kwa maji hayo ameianzishia nondo kutu siku ileile ya kumwaga.

Kusini, kwenye kambi za Saida na Sur, kuna tatizo jingine juu ya hilo. Saruji, nondo, mabomba na nyaya hupita kwenye kizuizi cha jeshi kwa kibali. Mwenye nyumba anaandika maombi yenye vipimo vya kazi na hesabu ya vifaa. Kamati ya kambi au mhandisi wa UNRWA anayapitisha, kisha yanakwenda jeshini. Jibu huja baada ya wiki kadhaa, pengine miezi, pengine lisije. Sasa liunganishe hilo na namna ukarabati unavyolipwa. UNRWA huipa familia fedha kwa awamu: ya kwanza ya kuanzia, inayofuata mhandisi akishakagua kwamba kazi ya awali imekamilika. Kibali kikikwama katikati ya awamu mbili, ukuta unabaki nusu na mafundi wanakwenda kutafuta riziki kwingine. Mifuko ya saruji iliyonunuliwa mapema inanyonya unyevu na kuganda kama jiwe ndani ya karatasi yake. Mvua za Desemba zinaikuta familia chini ya turubai. Asiyeweza kusubiri ananunua ya magendo, inayoingizwa kidogo kidogo kwa bei ya kuumiza, na ili itoshe anapunguza kipimo. Zege lililotakiwa kuwa la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) linakuwa la moja kwa tatu kwa sita. Hilo ni zege la kusawazishia ardhi, halifai kubeba watu.

Jeshi linasema linazuia mahandaki na ngome. Ukikumbuka Ain al-Hilweh ilivyowaka kuanzia Julai hadi Septemba 2023, wapiganaji wakajichimbia mpaka ndani ya shule, utaona hoja hiyo si ya bure. Lakini makundi yenye silaha hayajawahi kushindwa kujenga kwa kukosa saruji. Aliyeshindwa ni mjane mwenye dari linalovuja. Na kama silaha zinakabidhiwa, basi sababu ya kizuizi inakabidhiwa pamoja nazo, na orodha ya vifaa vinavyohitaji kibali inapaswa kuanza kufupishwa.

Nahr al-Bared, karibu na Tripoli, inaonyesha yanayowezekana na yanayokwama. Vita vya 2007 kati ya jeshi na kundi la wanajihadi la Fatah al-Islam (si Fatah ya Abbas), kuanzia Mei 20 hadi Septemba 2, viliiangusha kambi ya zamani yote na kuwang'oa watu wapatao 27,000. Ilikubaliwa kujengwa upya kwa mpango kamili. Wakazi walishirikishwa kuchora ramani, jirani akawekwa karibu na jirani yake wa zamani, njia zikapanuliwa, kila nyumba ikapata mwanga na hewa. Hicho ndicho kiwango kila kambi inachostahili. Kisha likaanza la kukwama: chini ya kifusi yakaonekana mabaki ya mji wa kale wa Orthosia na kazi ikasimamishwa 2009, wafadhili wakachoka, fedha zikaja kwa vipande. Waliokuwa watoto wachanga siku ya kukimbia wamefikia umri wa kuoa huku baadhi ya familia zikiendelea kusubiri funguo.

Umeme ndio unaoua kimya kimya. Katika vichochoro vya Burj el-Barajneh watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Juu ya vichwa kuna mtandao wa nyaya za umeme wa serikali, za jenereta, za televisheni na za intaneti, zimefungwa pamoja na mipira ya maji inayopanda kwenye matangi ya paani. Mpira unavuja kwenye kiungo. Tone linaufuata waya mpaka mahali ulipounganishwa bila boksi, shaba imesokotwa na shaba na kuzungushiwa utepe. Maji yale ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi. Ndani ya nyumba hakuna ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, hakuna kikata-umeme kinachohisi mkondo unaovuja, na fyuzi imerukwa kwa kipande cha waya kwa sababu ilikuwa inakatika kila jioni. Basi siku ya mvua anayeshika mlango wa chuma ndiye anayekuwa ethi. Makumi ya watu wamekufa hivyo katika kambi hiyo moja, watoto wakiwemo.

Dawa yake inajulikana kwa fundi yeyote: mabomba upande mmoja wa kichochoro, nyaya upande wa pili na juu zaidi, boksi kila kiungo, ethi moja kwa kila jengo, kikata-umeme kila mlango. Swali ni nani aitoe. Mamlaka ya manispaa yanaishia mpakani mwa kambi. Shirika la umeme la taifa haliingii kutengeneza mtandao wa ndani. UNRWA inatoa huduma, haitawali kambi. Kamati ya kambi inakusanya michango ya transfoma ikiungua, basi. Kijana akifa kwenye waya, familia yake haina pa kupeleka mashtaka. Naliona hili kuwa baya kuliko uhaba wa fedha, kwa sababu fedha zikipatikana bado hazina mtu wa kuwajibika kwazo.

Tangu uchumi uporomoke, umeme wa serikali umekuwa wa saa chache kwa siku, kwa hiyo watu wananunua wa jenereta kwa ampea. Ampea 5, ambazo wengi wanazo, ni kama wati 1,100: friji, taa na televisheni. Ukitaka kupiga pasi, unazima friji.

Kwa nini hawalipi zaidi, wakajenga vizuri zaidi, wakahama? Kwa sababu ya kazi. Agosti 2010 Bunge lilipitisha Sheria namba 128 na 129, zikasifiwa kwamba zimefungua milango. Zilifuta ada ya kibali cha kazi na zikaondoa sharti kwamba Mlebanoni naye awe na haki hiyohiyo katika nchi ya mwombaji, sharti la ajabu kwa mtu asiye na dola. Lakini kibali chenyewe kilibaki, na kinaombwa kwa mkataba wa mwajiri. Kibarua wa machungwa na ndizi katika mashamba ya Sur hana mkataba, kwa kuwa leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule. Fundi mwashi hana. Mwenye kuajiri naye hataki kuandikisha, kwa sababu akiandikisha michango yote ya mfuko wa hifadhi ya jamii lazima ilipwe, wakati Mpalestina anaambulia kifungu cha asilimia 8.5 tu, yaani kiinua mgongo. Bima ya matibabu, uzazi na posho ya familia hazimhusu. Analipia kitanda cha hospitali ambacho hakilalii. Haishangazi kwamba utafiti wa Shirika la Kazi Duniani wa 2012 ulikuta wenye kibali ni kama wawili katika kila mia.

Fani zenye vyama vyake, kama udaktari, uhandisi na uanasheria, zimefungwa kwa kanuni za vyama vyenyewe. Mhandisi wa Kipalestina anachora jengo na Mlebanoni anatia sahihi, kisha mshahara unamfuata mwenye sahihi. Daktari anaishia hospitali za Hilali Nyekundu ya Palestina, kama Haifa ya Burj el-Barajneh au Hamshari ya Saida, au kliniki za UNRWA. Desemba 2021 waziri wa kazi Mustafa Bayram alitoa uamuzi wa kuwafungulia fani nyingi zaidi. Miezi michache haikupita, baraza kuu la mahakama za utawala likausimamisha. Hapo pana funzo la kiutendaji: tamko la waziri halidumu. Kinachodumu ni sheria ya Bunge.

Kisha lira ya Lebanon ikaanguka kutoka 1,507 kwa dola hadi 89,500. Aliyelipwa kwa siku alianguka nayo, bila akiba na bila mfuko wa kumkinga. Mwaka 2022 UNRWA ilisema asilimia 93 ya wakimbizi hawa wanaishi katika umaskini.

Matibabu ya mwanzo ni bure katika kliniki za UNRWA. Upasuaji mkubwa, saratani na figo ndiko familia inakouza dhahabu ya mama, kwa kuwa shirika linalipa sehemu tu na mpaka kiwango fulani. Shirika lenyewe linaishi kwa michango ya hiari. Marekani, iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote, ilikata fedha zake 2018, ikarudi 2021, ikaacha tena Januari 2024. Huwezi kupanga dawa za kisukari za mwaka mzima kwa mkoba wa namna hiyo. Wapo pia elfu chache wasio na karatasi yoyote, wengi walioingia baada ya mapigano ya Jordan ya 1970, ambao kila kizuizi cha jeshi kwao ni hatari ya kukamatwa.

Nimeiacha mwisho Sheria namba 296 ya 2001, kwa kuwa ndiyo inayozifunga nyingine zote. Inawazuia kumiliki ardhi na nyumba watu wasio na uraia wa nchi inayotambuliwa, au ambao umiliki wao unapingana na katazo la kulowesha. Jina la Mpalestina halimo, lakini kila msajili anajua linamlenga nani. Hata urithi umezuiwa: baba aliyenunua na kusajili kihalali kabla ya 2001 hawezi kuwarithisha wanawe. Watu wametafuta njia za pembeni. Wananunua kwa jina la mke Mlebanoni au rafiki, wanaandikiana karatasi kwa mthibitishaji mikataba, wanakaa. Siku rafiki akifa, warithi wake wanaleta hati ya msajili, na mahakama inaitazama hati. Mke Mlebanoni naye hawezi kuwapa watoto wake uraia, kwa hiyo naye akifa nyumba inawapita.

Kamati ya pamoja ya Lebanon na Palestina ikikaa tena mezani, ina kazi tatu za kuanza nazo ambazo hazimpi mtu yeyote uraia. Moja, kitambulisho cha mkimbizi kitoshe kuwa kibali cha kazi, ili kibarua naye ahesabike. Mbili, anayechangia asilimia zote za hifadhi ya jamii apate mafao yote. Tatu, Sheria ya 296 iruhusu nyumba moja ya kuishi kwa kila familia, pamoja na kuirithisha. Hakuna kati ya hizo inayogusa utangulizi wa katiba. Ile ya 2001 iliwekwa na Bunge kwa kura ya kawaida, na kura ya kawaida inatosha kuirekebisha.